Yah: Malalamiko kuhusu kiungio cha karavani na breki mlizofunga kwenye lori langu

Ndugu Meneja,

Ninaandika barua hii baada ya kupiga simu mara nne bila kuunganishwa na mtu yeyote mwenye mamlaka, na ninaiandika kwa adabu ambayo, niseme ukweli, mimi sikuipata mbele ya kaunta yenu. Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, na hati ya kazi mnayo kwenye mafaili yenu, hivyo sitapoteza wino kuyarudia.

Nililowakabidhi ni lori la shamba, la zamani, ambalo uzito wake wa jumla ukiwa na mzigo unaruhusiwa kufika tani 9. Niliomba mambo mawili tu: lifungwe kiungio cha kuvutia karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayokokotwa, ya tani 3, na breki za umeme za karavani hiyo ziunganishwe ili zishike pamoja na breki za lori. Fundi wenu mkuu aliingia uvunguni kwa tochi, akagonga chasisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, akatoka akisema kwamba chuma ni kizima na kazi inawezekana. Siku hiyo hakuna aliyetaja umri. Umri wa lori uligunduliwa siku niliyokuja kulalamika.

Lori hilo lina betri mbili zilizofuatanishwa ili kutoa volti 24, ilhali breki za karavani, taa zake na jokofu lake dogo hutumia volti 12. Fundi yeyote wa umeme wa magari anajua kwamba mahali kama hapo hufungwa kifaa cha kupunguza volti. Mafundi wenu hawakukifunga. Walichofanya ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili, wakazungushia utepe mweusi kwenye kiungo cha waya, kisha wakarudisha mfuniko kana kwamba kazi imekwisha. Tangu hapo betri moja ikawa inalisha lori na karavani, na mwenzake inalisha lori peke yake, lakini alteneta inazichaji kwa mkondo ule ule mmoja, kwa hiyo moja hufa njaa na nyingine huvimbiwa. Nilipofungua mfuniko baadaye, ile iliyovimbiwa ilikuwa imelowa asidi juu, na harufu yake ilinikaba koo.

Lakini sikuufungua mfuniko mapema, kwa sababu niliwaamini. Saa ya tano ya safari, katikati ya mteremko mrefu, taa ya kidhibiti cha breki za karavani ilizimika. Nilikanyaga, lori likashika, karavani haikushika. Tani 3 zikaanza kutusukuma mgongoni huku zikipiga mkia kushoto na kulia, nami kwenye kioo cha pembeni naiona karavani inatokeza upande huu, kisha upande ule. Kilichotuokoa ni gia fupi za lori hilo hilo mnalolidharau, lililotengenezwa kuteremka na magunia, kwani niliwahi kuliingiza gia ya pili kabla mwendo haujanishinda, na injini ikatuzuia ikiunguruma hadi chini.

Kuhusu kuyumba huko, nalo lina sababu, na sababu si springi ngumu za lori kama alivyodai msimamizi wenu. Najua lori tupu lina springi ngumu, ndiyo maana nilipakia mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma kabla ya kuondoka. Sababu ni kwamba tufe la kiungio, lile duara la chuma ambalo karavani hukalia, mlilifunga sentimita 17 juu ya kimo kinachotakiwa na karavani ile. Pua ya karavani ikawa juu, mzigo ukahamia kwenye ekseli yake ya nyuma, na uzito unaokalia tufe ukapungua. Karavani ya tani 3 inapaswa kulalia kiungio kwa kilo 300 hadi 450. Ikipungukiwa na uzito huo, huyumba kwa urahisi. Kushusha tufe ni suala la kipande kimoja cha chuma.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Nilirudi kwenu na mjukuu wangu, nikiwa na risiti mkononi, nikaeleza kwa utulivu. Msimamizi wenu hakutoka nje kulitazama lori. Alisema, mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni, "Mzee, hili ni la kubebea samadi, si la kukokotea nyumba," kisha akaisukuma risiti yangu kwa kidole kimoja hadi ikadondoka upande wangu wa kaunta. Watu wakacheka.

Niongeze kwamba siku ya kuchukua gari, wiki moja kabla ya hapo, niliuliza kama breki zimejaribiwa barabarani, nikajibiwa kwamba zimejaribiwa. Simu ya kwanza niliyopiga baada ya safari, kijana mmoja aliteleza ulimi akaniambia kwamba zilijaribiwa uani tu, hatua chache mbele na hatua chache nyuma. Ni nani kati yao anayesema kweli?

Naomba mnivumilie nirudie tukio la kaunta, kwa sababu nimelala nalo siku nyingi. Risiti ilipodondoka, aliyeiokota ni mjukuu wangu. Ana miaka tisa. Alikuwa kwenye lori siku ya mteremko ule, ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye shati lake na kuirudisha juu ya kaunta kwa mikono yote miwili kama alivyofundishwa kumpa kitu mtu mzima. Msimamizi wenu hakumtazama. Akasema tena neno la samadi, safari hii akimwambia mtoto: "Mpeleke babu yako nyumbani." Mzee wa umri wangu amezoea kuambiwa mengi, lakini si kupitia kwa mtoto.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai fedha za kazi ya umeme tu. Kwa kuwa fundi mwingine amelikagua lori na kukuta kwamba kiungio mlikichomelea kwenye chasisi, ilhali hati yenu wenyewe inataja bolti, na moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kinachouzunguka mshono, sasa ninadai fedha zote nilizolipa, betri mbili mpya, na gharama za kazi kurudiwa kwenye gereji nitakayoichagua mimi. Ninadai pia barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na msimamizi huyo kwa mkono wake, ikimtaja mtoto na si mimi peke yangu.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nikizikumbuka zile simu nne, ninawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka picha na maelezo ya fundi huyo kwa mamlaka inayolinda watumiaji, na baada ya hapo mahakamani, ambako nitadai na fidia ya hatari mliyotutia.

Lori limeegeshwa, karavani imetenganishwa nalo na kukazwa kwa magogo mbele na nyuma ya matairi. Utepe wenu mweusi bado uko pale pale mlipouzungushia, na hakuna atakayeugusa hadi mtu wenu aje auone mbele ya shahidi.

Mimi,
Mteja wenu