Kuhusu ile saini

Columbus, Jumapili usiku

Mama Rayyan,

Asalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, mguu wa bibi je? Sisi wazima, tunakoroma tu kwa mafua. Ujumbe wako wa sauti niliusikia siku ile ile, tena mara mbili, ya pili nikiwa nimejifungia chooni kazini. Kwa hiyo sina simu mbovu wala nini. Wiki tatu nimekukwepa na wewe umejua, maana ile picha ya mahamri uliyoiweka bila neno nililipokea dongo langu.

Jibu ni hapana, shoga yangu. Mkopo wako wa gari ulioniomba nisaini, sitakudhamini. Nimelisema mapema usije ukalitafuta mpaka ukurasa wa mwisho.

Si kwamba sikuamini. Umeshika upatu wetu tangu Ngamiani, na hata wiki ya msiba wa marehemu baba yako hukumkosesha mtu zamu yake. Ila Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu za hapa Marekani zinazoandika nani analipa madeni yake na nani halipi, hawajui upatu. Kwao wewe ni mwanamke mwenye bili ya simu iliyotelekezwa na kadi ya duka la nguo iliyojaa hadi mdomoni, basi. Ni lile lile daftari la deni la dukani, ila mwenye duka humjui, na huwezi kumwendea alfajiri ukamwambia mzee nivumilie hadi mwisho wa mwezi.

Sasa nikupe ya Bakari. Hii hata Baba Nadia nilimpa nusu. Unalikumbuka lile gari la kijivu alilokuja nalo harusi ya Zuhura, tukajazana saba tukaimba njia nzima? Saini ya pili ilikuwa yangu. Nilidhani mdhamini ni kama shahidi wa ndoa, unasaini, unakula pilau, unaondoka. Kumbe deni lote ni lako kama lilivyo lake. Miezi mitatu hakulipa, hakuniambia. Gari likaja kuvutwa usiku, likauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na kilichobaki, dola 4,300, wakusanya madeni wakanipigia mimi, tena nikiwa zamu. Alama zangu za kukopesheka zikaporomoka hadi 521. Kipimo kinaanzia 300 kinaishia 850, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nilikuwa wapi. Ile nyumba ya ghorofa ya tatu niliyokwambia hatukuipenda? Tuliipenda. Tulinyimwa kwa alama hizo, na kodi tunayo mkononi.

Bakari simchukii, kazi ilimwishia. Lakini unajua alivyokuwa ananiita “we dada we” na kunipokonya sahani. Siku hizi tukikutana ananiamkia shikamoo. Shikamoo, Mama Rayyan! Tumezidiana miaka miwili.

Basi ndiyo hivyo. Sitaki na wewe uje uniamkie.

Nilivyojikwamua ni kichekesho. Kwanza nilinunua kadi ile inayoning'inia dukani karibu na kaunta, unaijaza hela kisha unatumia. Miezi minane nikajiona mjanja, nalipa kila kitu kwa kadi. Alama hazikusogea hata moja. Kadi ile haina mkopo ndani yake, unatumia chako mwenyewe, hakuna anayepeleka habari zako popote. Ndipo nikaenda kwenye chama cha akiba na mikopo hapa mtaani, sakosi kama zetu. Dada wa dirishani akaniambia weka dola 200, tunazizuia, tunakupa kadi yenye kikomo cha dola 200. Nikamwangalia. Yaani nikukopeshe hela yangu ili unikopeshe hela yangu? Akacheka, akasema ndiyo, ila kila mwezi tutawaambia wale watatu kwamba umelipa.

Na usije ukafikiri kama nilivyofikiri, kwamba usipolipa watakata kwenye zile 200 yaishe. Zile ni rehani yao. Bili inakuja kama bili, ukichelewa kuna faini, zikipita siku 30 inaandikwa kwenye ripoti yako kwa wale watatu, na inakaa miaka 7. Mimi nimeweka inajilipa yenyewe kutoka benki, maana kichwa changu unakijua.

Mwezi wa kwanza nikanunua nguo za Idi za watoto, dola 180. Nikalipa zote kabla ya tarehe, nikatulia. Alama zikashuka! Nilirudi pale dirishani nimefura. Kumbe wanachopeleka ni salio la siku bili inapofungwa, na siku ya kulipa ni wiki tatu au zaidi baadaye. Wao wameona mtu mwenye kikomo cha 200 ametumia 180, wakajua kakauka huyu. Watu husema usivuke asilimia 30 ya kikomo. Mimi nilishikilia chini ya 10: petroli ya dola 15 kwa mwezi, basi, kadi inarudi kwenye bahasha chini ya misahafu. Kulipa kwa wakati ni asilimia 35 ya alama, na unadaiwa kiasi gani ni 30. Hayo mengine sikuyahangaikia.

Riba najua utaniuliza. Ukilipa bili yote kabla ya tarehe yake hawakutozi riba. Sijawahi kuwapa hata senti. Ila kwenye gari la Bakari niliisaini riba kwa mkono huu wa kulia, kwa hiyo mimi si mtu wa kukuhubiria.

Na yule bwana anayetaka dola 800 akufutie madeni kwenye ripoti, tena alipwe kwanza? Sheria ipo tangu 1996, watu wa kazi hiyo hawaruhusiwi kuchukua hela kabla ya kuifanya. Deni la kweli hafuti mtu. La uongo unalipinga mwenyewe, bure. Ripoti zako unazipata AnnualCreditReport.com, kila wiki ukitaka, hakuna malipo.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Alhamisi nimepokea barua: miezi 14, hujachelewa hata mara moja, kadi yako sasa ni ya kawaida, na hundi yako hii ya dola 200. Zimerudi zile zile. Alama 643. Hundi iko mlangoni pa friji, Nadia anauliza mbona hatuipeleki benki.

Nakutumia wewe. Usiite mkopo, na usiniletee hadithi ya kurudisha. Ni zamu yako ya upatu tu, imechelewa kidogo. Iweke rehani upewe kadi kama ile yangu, usiende nayo sokoni. Najua Houston bila gari ni Tanga bila baiskeli, na najua dola 200 hazikufikishi kazini Jumatatu. Nimeongea na Mama Asha, anapita njia yako saa kumi na moja alfajiri. Anaongea sana, lakini anafika.

Hiyo bili ya simu ni yako kweli, au ni ile laini ya shemeji? Kadi ya duka inadaiwa ngapi, na kikomo chake ngapi? Baba Rayyan anajua kwamba uliniomba, au nijifanye sijui akipiga? Hundi niitume wapi, bado mko kwenye ile nyumba yenye mbwa? Rayyan amefika juzuu ya ngapi? Na yale mahamri, mbona yalivimba vile, umeacha tui au umebadilisha unga?

Umenikasirikia?

Wako,
Mama Nadia