Muuaji asitokee sehemu ya 46

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu hizi hadithi za upelelezi za kuendelea, zile za magazetini na zile zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mi nauza vitabu vya mtumba hapa Tanga, mwaka wa 14 huu, kwahiyo walevi wa hizi stori nawajua na mwenyewe ni mmoja wao.

Juzi nimemaliza moja niliyoifuata tangu sehemu ya kwanza. Sitaitaja. Tajiri kauawa chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, mke analia kupita kiasi, dereva ana mkwaruzo mkononi, mdogo wa marehemu anadaiwa kila duka mtaani. Raha tupu! Mimi na jirani yangu muuza kahawa tumebishana miezi mizima, yeye anasema dereva, mi nasema mke, mpaka wateja wa kahawa nao wakaingia na kuna mmoja alikuwa anashikilia kwamba tajiri kajiua. Kufika sehemu ya 46 muuaji ni binamu kutoka Afrika Kusini. Binamu! Hajatajwa hata siku moja, kashuka na ndege, kaua, kapanda ndege karudi. Na ule mlango? Hakuna aliyeuzungumzia tena. Jirani yangu akaniuliza, "sasa sisi tulikuwa tunabishania nini?" nikabaki nahesabu chenji.

Mi naona shida ni kwamba mwandishi hakuamua anaandika hadithi ya aina gani. Alianza na fumbo akamalizia na mapambano, na hivi vitu haviandikwi kwa njia moja.

Anayeandika fumbo anaanzia mwisho. Anajua nani kaua, kwanini, na mlango ulifungwaje, halafu ndo anarudi nyuma kuanza kuvificha vitu mbele ya macho yetu, kitasa hapa, kikombe pale. Kule Uingereza kulikuwa na padri anaitwa Ronald Knox, naye alikuwa anaandika hizi stori, mwaka 1929 akatoa amri 10 za hadithi za upelelezi (padri bwana, lazima ziwe 10) na ya kwanza kabisa inasema mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema kwenye hadithi. Ya kwanza! Kwahiyo hili la mabinamu wa kushuka na ndege lina umri mkubwa kuliko mimi na wewe.

Na tusiseme ni mambo ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa, kiko mdomoni, alikuwa anakaa, anavuta, anafikiri, huku rafiki yake Najum pembeni anauliza yale maswali ambayo na wewe msomaji ungeuliza. Ndio, alama za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, zinaonekana mle ndani, lakini watu wanaongea Kiunguja chao na wanaogopa mizimu yao. Mzee Abdulla kabla ya kuwa mhariri wa gazeti alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, na Agatha Christie, yule mama Mwingereza wa stori za mauaji, naye wakati wa vita ya kwanza alikuwa kwenye chumba cha dawa hospitali, ndo maana sumu alikuwa anazijua kweli. Mi nikiwaza hayo naona kama kazi zile ziliwazoesha kuangalia vitu vidogo ambavyo wengine tunapita tu.

Sasa njoo kwa mwandishi Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Kwa Willy Gamba nani anauliza muuaji ni nani? Adui unamjua, kwenye vitabu vingine ni makaburu waziwazi, swali ni moja tu, jamaa atatoka salama au hatoki. Hapo mwandishi anatafuta mbio, kila sura iishie mtu kanyooshewa bastola. Vitabu vya Ben Mtobwa vya mpelelezi Joram Kiango pia, ukikifungua kimoja saa nne usiku kesho kazini unasinzia. Kwa waandishi hawa wawili, yule binamu wa Afrika Kusini asingekuwa kosa hata kidogo, wangemleta sura ya 2 na bunduki yake tukamchukia vizuri.

Kuna mtu atasema mbona Georges Simenon, yule mwandishi wa stori za mpelelezi Maigret, alikuwa anaanza kuandika hajui mwisho, anaandika tu majina na anwani za watu wake juu ya bahasha halafu anaingia kazini. Sawa, lakini yule alikuwa anamwandika binadamu, anambana mpaka afanye lile ambalo asingelifanya, na kitabu kinaisha ndani ya siku chache. Sio wiki 46.

Aina inayonisikitisha zaidi ni ya polisi, maana tunayo malighafi na hatuitumii. Kwenye stori zetu inspekta anapiga simu moja kaletewa kila kitu. Wakati kila mtu hapa anaijua ile "upelelezi bado haujakamilika", mshtakiwa wa mauaji anasomewa shtaka na haruhusiwi kujibu chochote kwasababu mahakama ile haina uwezo wa kusikiliza kesi yake, anarudishwa rumande, wiki mbili tena, tena. Na sheria yetu inampa polisi masaa 4 ya kumhoji mtuhumiwa tangu amkamate, akipitiliza bila kuongezewa muda kwa utaratibu, maelezo yale yanaweza kutupwa mahakamani hata kama jamaa alikiri yote. Hebu mwandishi anipe inspekta anayeangalia saa ya ukutani, zimebaki dakika 20, na mtuhumiwa anaomba maji ya kunywa kwa mara ya tatu. Nanunua leo hiyohiyo.

Najua stori ya kuendelea inaandikwa kwa presha, sehemu ya wiki hii inatakiwa kesho asubuhi, wasomaji wakishasema ni dereva mwandishi anaona aibu kwamba kweli ni dereva basi anabadilisha. Asibadilishe! Muuza kahawa angefurahi mwaka mzima. Kwahiyo ombi langu kwako mhariri ni dogo tu, kama stori ni ya fumbo mwambie mwandishi akuletee sehemu ya mwisho kwanza, uifungie kwenye droo, ndo uchape ya kwanza. Na kama yule mwandishi anasoma barua hii, mi na jirani yangu bado tunataka kujua ule mlango ulifungwaje.

Muuza vitabu,
Tanga