Sauti ya muziki na masikio yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sauti tunayoichagua tunaposikiliza muziki. Juma lililopita nilipanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, nikaketi kiti cha nyuma, juu kabisa ya spika. Kijana aliyekuwa kando yangu, ili ausikie wimbo wake mwenyewe, alipandisha sauti ya simu hadi mwisho, hata nami nikayasikia maneno yote yakivuja kwenye vipokea sauti vyake vya masikioni. Mara nyingi, basi, hatuongezi sauti kwa kuipenda, bali kwa kushindana na kelele zilizotuzunguka.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa usalama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu, kwa kuwa kila desibeli 3 zinazoongezeka huzidisha maradufu nguvu ya sauti. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Mimi, mpenzi wa taarabu na dansi tangu ujanani, nikilala usiku nasikia mlio usiokoma.

Sisemi muziki uzimwe, maana foleni ya Mbagala bila muziki ni adhabu. Naomba tu makondakta wapunguze sauti abiria anapoomba, badala ya kumwambia apande teksi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam