Barua kwa Athumani: kurekodi mashairi ya babu kwa Audacity

Dar es Salaam

Ndugu yangu Athumani,

Salamu zako zimefika, na maswali yako pia. Unataka kurekodi mashairi ya babu, unayo laptopu yenye Linux Mint na maiki ya kubana kwenye kola, na hutaki kutoa hata senti kununua programu. Usitoe. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure, sauti ya mtu mmoja au wawili haiishindi, na mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 inaimudu. Ardour, programu nyingine ya kurekodi, umeisikia ikisifiwa, na sifa zake ni za haki, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya bendi na treki nyingi, yaani sauti nyingi zinazopangwa pamoja. Iache kwanza. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo apt install audacity alsa-utils pavucontrol ffmpeg

Kabla ya programu, tazama pini ya maiki yako, maana hapo ndipo wengi hukwama kisha wakailaumu Linux bure. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja, na tundu hilo linataka pini yenye pete tatu. Maiki nyingi za kola zilizotengenezwa kwa kamera zina pete mbili. Ukichomeka hiyo, laptopu inadhani ni hedifoni, inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani pale juu ya skrini, na wewe unashangaa kwa nini babu anasikika kama yuko chumba cha pili. Kipimo chake ni chepesi: gonga maiki ya kola kwa ukucha, halafu gonga ukingo wa skrini, uone mita ya sauti inaruka kwa kipi. Dawa ni adapta ya kutenganisha hedifoni na maiki, au kile kikadi kidogo cha sauti cha USB chenye matundu mawili. Mimi ningechukua cha USB. Kinakaa nje ya laptopu, kwa hiyo hakidaki sana zile kelele za umeme wa ndani.

Ukishachomeka, andika arecord -l upate orodha ya kadi na namba zake. Tuseme ya USB imetokea kama card 1. Jaribu sekunde 10:

arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 -d 10 jaribio.wav

Nimekuandikia plughw badala ya hw kwa sababu baadhi ya kadi hukataa kurekodi chaneli moja, zikakujibu "Channels count non available". Plughw hufanya ubadilishaji wenyewe. Ukiambiwa "Device or resource busy", kuna programu imeishikilia kadi. Mara nyingi ni pavucontrol, dirisha la kurekebisha sauti, uliyoiacha wazi, kwani mita zake nazo zinasikiliza maiki. Ifunge, urudie.

Sasa kiwango cha sauti, na hapa nitakaa kidogo. Fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi ya USB, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Hapo ndipo penye nguvu halisi ya maiki. Kitelezi cha pavucontrol kwa kawaida husogeza hichohicho cha alsamixer, lakini ukikipitisha 100% kinaanza kuzidisha namba tu: sauti inakua na mchirizo wa kelele unakua nayo sawasawa. Kiache chini ya 100%. Ukiwa unatumia maiki ya ndani utakuta pia Mic Boost. Anza na sifuri, panda hatua moja ikibidi.

Kadi nyingi za USB za bei nafuu zina kitu kingine mle ndani kinachoitwa Auto Gain Control. Kizime: simama juu yake, bonyeza M, herufi zilizo chini yake zibadilike kuwa MM. Kazi yake ni kupandisha sauti kila anaponyamaza msemaji. Kwa simu ni sawa. Kwa mashairi ni balaa, kwa sababu babu atamaliza ubeti, atavuta pumzi, na katika ukimya ule utasikia chumba kizima kikivimba: jogoo wa jirani, pikipiki, feni. Kisha silabi ya kwanza ya ubeti unaofuata inalipuka, halafu sauti inashuka ghafla. Kasoro hiyo hakuna programu inayoiondoa vizuri baadaye.

Kupima kiwango, usimwambie babu ahesabu moja, mbili, tatu; atahesabu kwa upole. Mwombe aghani ubeti anaoupigia kelele kuliko yote. Kwenye mita ya Audacity, vilele, yaani pale sauti inapopanda zaidi, vifike kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa sifuri, mawimbi yamekatwa vichwa na sauti imepasuka moja kwa moja. Vikibaki -30, utalazimika kuinua baadaye, na kelele zote zitainuka pamoja.

Kwenye Audacity weka 48000 Hz, 32-bit float, chaneli moja. Mpangilio huo unakula megabaiti 11.5 hivi kwa dakika, yaani karibu 690 kwa saa. Hifadhi mradi kwa jina kabla ya kubonyeza R, tena kwenye diski ya ndani. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 mradi mzima ni faili moja la .aup3, na faili hilo hutunza pia kila ulichokata mpaka utakapolifunga, kwa hiyo hunenepa haraka. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalozidi gigabaiti 4.

Chumba nacho. Bati juu na vigae chini ni mwangwi mtupu. Mkalishe babu chumba chenye kitanda, godoro lingine ulisimamishe nyuma ya laptopu, mlango uutundikie blanketi. Feni zima, friji chomoa, ila ukumbuke kuirudisha. Maiki ibane kifuani, shibiri moja chini ya kidevu, na kanzu isiiguse kabisa. Mkwaruzo wa kitambaa uko katika masafa yaleyale ya sauti ya mtu, hautoki. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, ulikuwa umeme wa hezi 50 unaopita kwenye waya wa chaja, basi rekodi kwa betri. Kabla babu hajaanza, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, watu wakiwemo. Utazihitaji mara mbili huko mbele.

Wakati wa kurekodi funga Firefox na uzime kompyuta kujilaza yenyewe. Ukisikia vijisauti vya "tk-tk" kwenye rekodi, ni bafa, ile akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuandikwa, ilikosa data kwa wakati. Kwenye Mint 22, inayotumia PipeWire kusimamia sauti, andika pw-top kwenye terminali uangalie safu ya ERR: ikihesabu juu, ndiyo hiyo. Dawa ni kuongeza Buffer length katika mipangilio ya sauti ya Audacity kutoka milisekunde 100 hadi 300. Sauti itachelewa kidogo kufika masikioni, na wewe huna gitaa la kupiga juu yake, kwa hiyo haidhuru. Babu akikosea mstari, usimkatishe. Bonyeza Ctrl+M kuweka alama, aurudie, songa mbele.

Ukiweka na simu kando kama akiba, piga kofi moja mwanzoni na moja mwishoni. Saa za vifaa viwili hazilingani: tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inakupa sekunde 0.18 ndani ya saa moja, ya kutosha kufanya mwangwi ukiziweka pamoja. Makofi yatakuonyesha kiasi cha kunyoosha.

Kuhariri fanya juu ya nakala, asilia usiiguse. Kata makosa kwanza. Kabla ya kukata bonyeza Z, mipaka isogee pale wimbi linapovuka sifuri, la sivyo utaacha kijisauti cha "tk" kila ulipokata. Kikohozi usikifute kwa Ctrl+L, kwani huacha shimo la ukimya wa kaburi. Bandika juu yake kipande cha zile sekunde 30. Na Truncate Silence usiiguse kabisa. Shairi la mizani 16 lina kituo kati ya nane na nane, na programu haijui kituo; itaona pengo, itakata, na babu atasikika kama anakimbizwa.

Halafu High-Pass Filter kwenye 80 Hz, kuondoa mngurumo wa chini. Kisha Noise Reduction: chagua ukimya ule, bonyeza Get Noise Profile, chagua treki nzima, weka desibeli 6, na 9 ikizidi sana. Chagua Residue kwanza usikilize kinachoondolewa. Ukisikia maneno ya babu humo ndani, umezidisha. Ukienda 20 sauti inakuwa ya majimaji, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Mwisho Loudness Normalization kwa -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na Limiter, inayozuia vilele, kwenye desibeli -1.5 baada yake, maana kule kuinua huenda kukavusha vilele juu ya sifuri. Ukiwa kwenye 32-bit float havijapotea bado, Limiter itavirudisha.

Ya kutunza itoe kama FLAC (faili linalobana sauti bila kupoteza kitu) ya biti 24, nakala mbili kwenye diski mbili. Faili la .aup3 ni la kazi, si la kumbukumbu. Ya kuwatumia watu wa familia kwa WhatsApp:

ffmpeg -i babu.flac -ac 1 -c:a libopus -b:a 32k babu.ogg

Nusu saa inakuwa megabaiti 7 tu, na sauti ya mtu inabaki safi. Wenye redio za kuchomeka flashi watengenezee MP3 ya 64k, megabaiti 14 hivi kwa nusu saa hiyohiyo.

Kabla ya siku yenyewe, nitumie WAV ya dakika moja: nusu ukimya wa chumba, nusu babu akighani. Usiisafishe. Mpe shikamoo zangu, na shangazi umsalimie.

Wako,
Juma