Mheshimiwa Gavana, tuonyeshe jua litapita wapi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi,

Nakuandikia kutoka Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940. Sipingi mpango wa kubomoa nyumba zetu na kujenga ghorofa. Nyumba zetu zimechoka, mabomba yameoza, na watoto wetu wakioa hawana pa kukodi karibu nasi. Ninachouliza ni ghorofa za namna gani.

Juzi nilimtembelea binamu yangu kwenye mjengo mpya, upande mwingine wa mji. Saa saba mchana, jua la utosi, taa ya jikoni inawaka. Dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, ungenyoosha mkono ukaugusa. Chumba cha kulala nacho kimeelekezwa magharibi, kinachomwa jioni nzima, kwa hiyo usiku ni feni. Feni, Nairobi! Mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambao Wamaasai waliupa jina la maji baridi. Kila mwezi binamu ananunua tokeni za umeme kulipia kosa la mchoraji ramani.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jengo likielekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, likaachiwa nafasi hewa iingie huku itokee kule, halihitaji mtambo wa kupoza. Kwenye karatasi, kuligeuza ni kazi ya kifutio. Zege likishamwagwa, basi tena. Na tusiambiwe haya ni mambo ya mtaa wa kifahari wa Gigiri pekee, eti kwa sababu jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lilifunguliwa kule 2011 na paa lake la sola.

Halafu maji. Mvua za 2024 zilipobeba watu na nyumba kando ya mto Mathare, kwetu bomba lilikuwa kavu na tulinunua maji kwa mtungi. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 800 likipata milimita 50, ni lita 40,000, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Bila tangi, zote zinaingia mtaroni na kuwashukia walio bondeni. Tukiongeza matofali ya kabro na lami kila mahali, zitawashukia kwa kasi zaidi.

Katiba, kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi. Kwetu si kuitwa ukumbini kupigwa picha na kunywa soda. Kabla hata familia moja haijahamishwa, leteni michoro na wasanifu wenyewe. Watuonyeshe jua litapita wapi, tangi litakaa wapi na ni la lita ngapi, miti ipi itabaki, na mawe ya nyumba hizi yatatumika wapi badala ya kumwagwa kwenye jalala la Dandora.

Ukumbi wetu upo. Viti tutapanga wenyewe.

Wako,
Mkaazi wa Kaloleni