Mangi, nilisema nauza machenza

Harbin, China
11 Januari 2025

Mangi wangu,

Shikamoo ya utani kwanza, maana najua tangu uanze kufundisha umeshajifanya mzee. Barua hii anakuletea dada mmoja wa Arusha anayerudi likizo. Huku WhatsApp imefungwa, na zile programu za kupitia uchochoroni hukatika kila nikitaka kukueleza jambo refu. Halafu nimegundua kwenye simu huwa nakudanganya. Ukiuliza "vipi huko?" nakujibu "poa, baridi tu." Leo mitihani imekwisha, nina karatasi na nina chai, acha niseme.

Baridi kwanza, tuimalize. Asubuhi hii ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Wewe na mimi tumekua tukiitazama theluji ya Kibo kama mtu anavyotazama paa la jirani, na hatukuwahi kuigusa. Nimekuja kuigusa huku. Siku ya kwanza ni laini kama unga, ikikaa siku tatu inakuwa kama chumvi ya mawe na inakuangusha mbele za watu. Jua linazama saa kumi jioni hivi. Mto Songhua umeganda, watu wanauvuka kwa miguu, na Desemba niliwaona wanaume wakikata mapande ya barafu mtoni kwa misumeno ili yakajenge majumba ya tamasha, yenye ngazi na minara kabisa. Wauza aiskrimu wanapanga bidhaa juu ya makatoni kando ya njia, friji ya nini? Na watu wananunua, wanatembea huku wanalamba! Lakini ndani ya nyumba ni joto. Tangu 20 Oktoba mabomba ya kupasha joto yamewashwa mji mzima, hosteli nakaa na fulana. Kwa hiyo baridi unaizoea. Mdomo ndio ulionishinda.

Mwaka huu wa kwanza tunasoma Kichina tu. Nisipofaulu mtihani wa HSK ngazi ya nne, uhandisi nitausikia kwa majirani. Sasa Kichina, Mangi, silabi moja ina sauti nne: iliyonyooka juu, inayopanda, inayozama kisha ikainuka, na inayoanguka kama jiwe. Ukibadili sauti umebadili neno. Sisi kwenye Kiswahili tuna barabara ya kupita magari na barabara ya sawasawa, basi, na hata hizo mtu akizikosea utamwelewa. Mimi kila neno nililikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Mswahili yeyote. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba naimba wimbo mmoja tangu Septemba.

Wiki ya tatu nikaenda soko la alfajiri nikiwa nimejiandaa. Kuna mama anauza machenza. Nikamwambia kwa kujiamini, nataka kununua machenza. Yule mama akanitazama, akatazama mikono yangu mitupu, akawaita wenzake wawili. Kumbe "mai" ya kununua inazama kisha inainuka, na "mai" ya kuuza inaanguka. Mimi nimesimama mbele ya meza yake, mweusi pekee sokoni, natangaza kwamba nauza machenza. Alipoelewa alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akaniongezea matatu bure. Hadi leo nikipita ananiuliza biashara inaendaje.

Darasani kuna binti wa Nigeria, Myoruba. Sauti hizi kwake ni maji. Siku moja nikamlalamikia, akashangaa: "Kwani lugha ya kwenu haina?" Nikamwambia Kiswahili hakina. Akasema, "Sijauliza Kiswahili. Bibi yako anaongea nini?"

Nilinyamaza. Usiku nikalala chali nikamkumbuka bibi wa Marangu. Unakumbuka likizo zile tunapanda kutoka Moshi mjini, anatusemesha Kichaga na sisi tunamjibu Kiswahili, tukijiona watoto wa mjini? Na mara moja moja nikijaribu, yeye na mashangazi wanaangua kicheko: "Anaongea kama padre!" Nilidhani wananicheka kwa maneno. Maneno yangu yalikuwa sahihi, Mangi, nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayasema yote yamelala, kama mapadre wazungu walivyoyasema. Kichaga nacho kinapanda na kushuka, na mimi miaka yote nilidhani ni lafudhi tu ya wazee. Nimepanda ndege mbili kuja kuambiwa na Myoruba, kwa Kiingereza, huko Uchinani, kwamba lugha ya bibi yangu ina kitu ambacho sijawahi kukisikiliza.

Sijui kama itakuchekesha au la. Mimi ilinikaa vibaya.

Ngoja nikupe la kuchekesha kweli. Novemba bafu la hosteli liliharibika wiki nzima, wenzangu wakanipeleka nyumba ya kuogea ya mtaani. Mangi, huku kaskazini mashariki wanaume wanaoga ukumbi mmoja, uchi wa mnyama, wanapiga soga kama wako kijiweni. Hakuna pazia, hakuna taulo la kujistiri. Mimi niliyelelewa na mama mlokole! Nilisimama mlangoni dakika nzima nikiwaza kughairi, lakini viatu vyangu vilikuwa vimeshafungiwa kabatini. Ukishaloa kwenye maji ya moto, unalala juu ya kitanda cha plastiki, anakuja mtu amevaa kitambaa cha kukwaruza mkononi, anakusugua tangu shingo hadi nyayo. Nongo zinatoka kama tambi. Alivyonikazania mgongo nikadhani anatafuta rangi ya chini.

Kitanda cha jirani alilala mzee, wa miaka sabini hivi. Akauliza natoka wapi. Tanzania. Mzee akainuka akakaa, uchi vilevile, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Tan-Zan Tielu!" Maana yake reli yetu, TAZARA. Kwa watu wa umri wake nchi yetu ndiyo hiyo: akaanza kuwahadithia vijana pale kwamba Wachina walikwenda kujenga reli kwenye milima na misitu, tangu mwaka 1970, kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, na wengine hawakurudi. Akanigeukia, anataka mimi niendelee. Zaidi ya kilomita 1,800 za reli, na mimi mtoto wa Moshi sijawahi kuipanda hata kituo kimoja! Nikatikisa kichwa kama mtu anayeijua vizuri. Yule msuguaji akanikatalia pesa, mzee ameshalipa.

Hayo ya kuona haya mbele ya vitu vya kwetu yameanza kuwa mengi.

Mengine nayataja tu. Ugali nasonga kwenye jiko la umeme la ghorofa yetu, unga wa mahindi upo tele kwa kuwa huku ni mkoa wa mahindi, ila ni wa njano, ule wazee wetu wanaouita yanga. Wakorea wa chumba cha pili wanaukubali. Malipo yote ni kwa simu, hata muuza viazi vitamu anayevichoma ndani ya pipa la chuma ana picha ya kuskani kaining'iniza shingoni. Nikamringia kwamba sisi na M-Pesa tumeanza zamani. Palepale simu ikazimika kwa baridi, nikiwa na kiazi mkononi. Akanifukuza nacho: nenda, kesho utalipa. Nimelipa.

Upweke upo, sitakuficha. Tarehe 29 ni mwaka mpya wao, wanafunzi wenyeji wote wanakwenda kwao na hosteli itabaki na sisi wachache wa mbali. Ile saa tano tunayopishana nayo inaudhi: mkianza kupata nafasi ya kuongea usiku, huku ni saa saba na mimi nimeshasinzia. Krismasi nilikuwa darasani kama siku nyingine, nikawa nawaza mtori na moshi wa jikoni.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonikalisha kuandika. Ukipata Jumamosi panda Marangu, mpelekee bibi sukari na majani ya chai, pesa nimempa huyu dada. Weka simu yako mezani, urekodi. Usimwombe asalimie, ataanza kuniombea na kulia. Mwulize habari ya mfongo wa babu, ule mfereji wa maji, na ule ugomvi wa zamu, maana akiusimulia huwa anasahau kama kuna mtu. Muache aseme Kichaga mwanzo mwisho, hata wewe usipoelewa, na usimkatize kwa Kiswahili. Sauti hizo zitie kwenye kadi ya kumbukumbu, huyu dada anarudi mwishoni mwa Februari.

Akikuuliza za nini, mwambie padre ndiye anaomba.

Ni mimi wako,
wa dawati la nyuma