Barua kwa Somo Yangu Aliye Mombasa

Ngao, Tana River
12 Agosti 2024

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima. Mama yako naye mzima, ila macho na magoti ndiyo yanayomsumbua. Barua yako nilikabidhiwa na kijana wa basi la Malindi Jumamosi, nikaisoma palepale barabarani Tarasaa kabla sijapanda bodaboda ya kuja nyumbani. Umeniambia mwanao ameagizwa shuleni aandike juu ya kwao, akakuuliza, nawe ukamjibu, "Kwetu ni mtoni, kuna maembe," halafu ukakwama.

Somo, usijilaumu. Mimi na wewe tulikaa dawati moja miaka minane, tukakariri mito ya dunia nzima, na hakuna siku hata moja tulipofundishwa habari za huu uliokuwa ukitunywesha maji. Nimekuwa mwalimu mwenyewe ndipo nikaanza kuuliza wazee. Basi nakuandikia niliyonayo, umsomee.

Mwambie mto wa kwao, Tana, ndio mrefu kuliko yote Kenya, kilomita 1,000 hivi. Unakusanya maji Nyandarua na Mlima Kenya, unapita nchi kavu mpaka kwetu, rangi yake kama chai ya maziwa, kisha unaingia baharini Kipini. Lakini haukuwa ukitokea Kipini tangu zamani. Mdomo wa Tana ulikuwa upande wa magharibi, na Kipini palikuwa pa mto mwingine mdogo, Ozi. Katika karne ya 19 watu wa Sultani wa Witu walichimba mfereji Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili ili vyombo vipite. Maji yakaupenda ule mfereji. Kila gharika ikaupanua, hata mto mzima ukahamia humo na kuacha njia yake ya zamani. Nilipowasimulia watoto darasani, mmoja aliuliza, "Mwalimu, na waliokuwa wamelima kule ulikotoka?" Swali hilo linanijia kila ninapopita mashamba ya chini.

Ngao kwenyewe, mwambie historia yake iliyoandikwa inaanza na wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani, waliofika 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza lugha yetu, Kipokomo, mpaka akalitafsiri Agano Jipya. Kabla yao kidogo Wamethodisti walikuwa wameshafungua kituo Golbanti, na mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Baadaye Wajerumani waliondoka na kazi ikaendelezwa na Wamethodisti. Ndiyo maana kijiji kidogo kama chetu, ambacho mtu wa Nairobi hajawahi kukisikia, kina hospitali na kina shule ya upili ya wasichana. Unakumbuka tulivyokuwa tukisimama njiani kuwatazama wasichana wa Ngao Girls wakipita na sare zao? Mimi niliamua siku hizo kwamba nitasoma. Nawe pia, ingawa ulikuwa ukinificha.

Sasa kuna jambo ambalo nataka mwanao aliandike kwa herufi kubwa. Kila Jumatatu na Ijumaa anasimama gwaride kuimba wimbo wa taifa. Muulize, sauti ile imetoka wapi? Mimi niliwauliza wanafunzi wangu mwaka jana. Wengine walisema Nairobi, wengine wakasema Uingereza. Nikawaambia imetoka kwenye mikeka ya bibi zao. Mwaka 1963, kamati ya watu watano ilipopewa kazi ya kuutunga wimbo wa nchi mpya, ilichukua bembelezo la Kipokomo, lile lile ambalo mama yako alimbembelezea kila mtoto wa uani, na mimi nikiwemo. Darasa lilinyamaza. Halafu msichana mmoja wa nyuma akaanza kuimba taratibu maneno ya Kipokomo kwa sauti ya wimbo wa taifa, na wengine wakamfuata. Somo, nilitoka nje nikafute machozi. Nchi nzima inasimama wima kwa sauti ya mama zetu, na watoto wetu wenyewe hawakuwa wakijua.

Na kuna kingine kilichotoka kwetu, ila hiki kilichukuliwa. Ngoma yetu, Ngadzi, iliyokuwa alama ya utawala wa Wapokomo, Waingereza walituchukulia enzi za ukoloni, na tangu 1908 iko London, katika jumba la makumbusho la Uingereza. Zaidi ya miaka 100, somo. Ngoma hiyo haikuwa ya kila harusi, ilikuwa ya watawala, na ikilia watu walijua pana neno. Wazee wa Gasa, baraza letu la Wapokomo, wanataka irudi. Mimi sina cheo cha kusemea kabila, lakini nasema kwa moyo wangu wote: irudi. Watoto wa Tana waione kwa macho kabla ya mtalii kuiona.

Maembe usiyafute, kwa sababu ni kweli. Mwaka huu miti ya ukingoni kwa baba yako imebaki minne, mingine imekwenda na maji. Hapa ndipo nakuomba uwe mvumilivu nikueleze vizuri, kwa sababu uliniuliza kwa nini watu bado wanakaa hapa.

Unajua sisi tumelima kwa mafuriko tangu zama za mababu. Maji yanapanda, yanaacha tope, tunapanda mpunga na ndizi kwenye tope lile. Mafuriko ya kiasi yalikuwa baraka. Lakini kule juu yamejengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Miaka mingi mto hupungua mpaka mpunga haupati maji yake kwa wakati, na mwaka ambao mvua imezidi, mabwawa yanajaa na kumwaga yote kwa mkupuo. Mwisho wa mwaka jana ilikuwa El Niño. Hatujamaliza kukausha magodoro, ikaja masika ya mwaka huu. Watoto ilikuwa wafungue shule mwisho wa Aprili, nchi nzima ikangoja mpaka Mei 13, na kuna shule za huku ambazo tarehe hiyo ilizikuta bado zimejaa watu waliohama, wamelala na mbuzi na masufuria yao. Pale Lango la Simba barabara ya Lamu ilikatika, wasafiri wakavuka kwa boti. Nilifundisha wiki mbili chini ya mwembe, ubao umeegeshwa kwenye shina. Hakuna mtoto aliyekosa kwa uvivu. Wengine walikuja kwa mtumbwi, nguo za shule wamezifunga kichwani zisilowe.

Watu wanakaa kwa sababu tope bado linazaa. Wiki iliyopita nimeona mahindi mabichi pale ambapo mwezi wa tano palikuwa na kina cha mtu mzima.

Kuhusu Waorma, majirani zetu wafugaji, usimwache mtoto na yale aliyoyasikia mjini. Ni kweli 2012 damu ilimwagika baina ya wakulima na wafugaji, wakafa watu zaidi ya 100, na wewe unajua nani tuliwazika. Lakini mwambie pia habari za malka, zile njia za mifugo kushuka mtoni kati ya mashamba yetu. Zilikuwako kabla ya mimi na wewe, kwa makubaliano ya wazee wa pande zote. Malka ikilimwa, ng'ombe watapita juu ya mpunga, na hapo ugomvi umezaliwa. Darasani kwangu Mpokomo na Muorma wanakaa dawati moja, na mimi ndiye ninayewapanga hivyo. Masika haya maziwa tuliyokunywa yalitoka kwao, na mtumbwi uliovusha ndama zao ulikuwa wa kaka yangu.

Kitu cha mwisho. Haya yote anaweza kuyaandika akapata alama nzuri, lakini lile bembelezo siwezi kukuwekea kwenye karatasi. Mama yako bado analiimba. Juzi jioni nilikuwa nikimkuna mgongo, akaanza kulivuta polepole, akasahau mstari mmoja, akarudi mwanzo, akausahau tena. Mimi naujua huo mstari lakini sikumkumbusha, nilitaka aufikie mwenyewe. Hakuufikia. Akaniuliza, "Huyu mwana wa Mombasa anakuja lini?"

Likizo ya Desemba mlete. Msipande basi la usiku. Mkifika Tarasaa mniulizie kwenye kibanda cha mahamri, wataniita. Mje na dawa ya macho ya mama, ile ya chupa ndogo ya kijani, huku imekwisha tangu Juni. Na mtoto aje na simu yenye kurekodi vizuri, amkalie bibi yake karibu asubuhi mapema, kabla sauti haijachoka.

Wako,
Somo yako wa dawati la nyuma